Paka Sita wa Afande

Mtaa mzima walimwita Afande, naye alipenda aitwe hivyo. Alikuwa amestaafu miaka minne iliyopita. Magwanda aliyarudisha, kofia na mkanda alivirudisha, lakini mwendo hakuurudisha. Hata akienda dukani kununua sabuni alitembea kifua mbele, kama anayekagua gwaride. Miaka thelathini na mmoja alikuwa askari wa gereza la wanawake, na alipenda kujisifu kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mfungwa hata mmoja aliyetoroka kwenye zamu yake.

Aliishi peke yake katika nyumba ya mwisho ya safu, ukuta kwa ukuta na karakana ya mbao. Mumewe alikuwa amefariki zamani. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, akawa anapiga simu mara moja kwa mwezi. Aliuliza afya, akajibiwa, akaaga. Hawakuwa na ugomvi, ila hawakuwa na mazungumzo. Binti alikulia katika nyumba ambamo chakula kililiwa kwa saa, mtu akaulizwa anaenda wapi hata akienda chooni. Alipopata pa kwenda, alikwenda.

Kazi ya paka ilimjia Afande bila kuitafuta. Mwaka wa pili wa kustaafu, paka dume asiye na mkia aliingia jikoni kwake, akaiba kichwa cha samaki, akakaa chini ya meza kukitafuna. Wiki hiyohiyo watu wa afya wa mji walikuwa wanatupa nyama yenye sumu nyuma ya soko na kwenye mitaro, kupunguza mbwa na paka wa mitaani. Sumu haiulizi huyu ni wa nani. Afande alimtazama yule paka, akautazama mlango, akaufunga.

Paka alilia siku kumi. Alichana mapazia, akakojoa ndani ya viatu, akamparua Afande mkono hadi damu. Afande hakutikisika.

"Nimeshaona wabishi kuliko wewe," alimwambia, huku akijipaka dawa. "Endelea."

Wiki ya tano paka alikuwa amelala kwenye kizingiti cha dirisha, anatazama ndege wa nje kupitia wavu kama mtu anayetazama televisheni, bila haja ya kutoka.

Habari zikasambaa. Watu walikuwa na paka wao waliozoea kulala juu ya mabati na kurudi nyumbani kula tu, na sasa kila baada ya miezi michache paka mmoja alikutwa mtaroni, kakakamaa. Wakaanza kumletea Afande. Mwenye paka anamwacha wiki sita, anamrudia akiwa mtulivu. Afande hakudai malipo, alidai utii. Alikuwa na utaratibu, na alimsomea kila aliyekuja, akihesabu kwa vidole.

Kwanza, chumba kimoja kidogo, si nyumba nzima, maana paka akipewa nafasi kubwa ghafla anajificha uvunguni na humwoni tena. Dirisha litiwe wavu wa chuma. Beseni la haja lijazwe udongo wa kule kule alikotoka, halafu kila siku upunguzwe kidogo na kuongezwa maranda, mpaka asijue ni lini udongo ulikwisha. Awekewe kabati au rafu ndefu apande, kwa sababu paka wa nje ni mtu wa juu. Avutiwe kamba yenye kitambaa aiwinde kabla ya kula, maana hasira nyingi za paka ni uwindaji uliokosa pa kwenda. Usimkazie macho. Kaa chini, fumba macho polepole, fumbua polepole, mwache aje mwenyewe.

"Na akilia mlangoni?" watu waliuliza.

"Usifungue. Ukifungua mara moja tu, umemfundisha kwamba kilio ni ufunguo. Mwache alie mpaka achoke. Kulia hakujaua mtu."

Dobi alifika siku ya mvua, kapu limefunikwa kanga iliyolowa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mikono imechakaa kwa sabuni. Alikuwa amefungua kibanda cha kufulia na kupiga pasi karibu na stendi, mitaa mitatu kutoka hapo. Ndani ya kapu alikuwamo paka jike wa kijivu, sikio moja limepasuka. Dobi alijitaja jina pale mlangoni, lakini Afande hakulishika. Alikuwa anamtazama paka.

"Huyu amezaliwa nje," alisema.

"Nyuma ya kibanda changu. Nampenda, lakini simwezi. Nikimfungia anajigonga na kioo."

"Utamweza. Mlete ndani."

Kama Afande angeinua macho wakati ule, angeona kwamba Dobi amebaki amesimama kizingitini, kapu kifuani, uso umemshuka. Hakuinua.

Paka wa kijivu akawa wa sita. Chumba cha nyuma kilikuwa na yule mzee asiye na mkia, ambaye sasa alikuwa wa Afande mwenyewe na kama nyapara wa wenzake. Kulikuwa na ndugu wawili wa manjano, mali ya fundi baiskeli. Kulikuwa na mweusi wa mjane wa nyumba ya tatu, na mweupe mwoga wa mwalimu wa kike aliyeishi ng'ambo ya barabara. Wenye paka wengine walichungulia mara moja kwa wiki. Dobi alikuja kila siku alasiri, akimaliza kutundika nguo.

Alikuwa mwanafunzi ambaye Afande hakuwahi kumpata mfano wake. Hakuuliza jambo mara mbili. Alikaa sakafuni mgongo ukutani, mikono juu ya magoti pahala inapoonekana, na aliweza kukaa hivyo saa nzima bila kujikuna. Wiki ya tatu yule wa kijivu alishuka kwenye rafu, akanusa vidole vyake, akapanda pajani.

"Umeona?" alinong'ona Afande, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sauti yake haikuwa ya kuamrisha. "Wewe una mkono, mwanangu. Hukuumbwa kufua tu."

Dobi alitabasamu, akaendelea kumkuna paka shingoni.

Ikawa mazoea. Baada ya paka, chai. Afande alianza kununua mkate wa ziada. Alimwambia Dobi juu ya goti lake la kulia lisilokunjika vizuri, juu ya binti yake, juu ya hasara ya kuzeeka katika nyumba yenye vikombe sita na mnywaji mmoja. Dobi alisikiliza. Yake hakuyasema, wala Afande hakumwuliza. Aliwahi tu kuuliza kama ana watoto, akajibiwa hapana, akasema, "Basi umepumzika."

Wiki ya sita, Jumatano, walikuwa wamekaa jikoni. Gari la matangazo lilikuwa limepita mchana na kipaza sauti kuwaambia watu kwamba kesho kuanzia alfajiri nyama ya sumu itatupwa, kila mwenye mnyama amfungie. Afande alikuwa na safari yake kesho hiyo. Wastaafu walitakiwa kufika wenyewe kwenye ofisi ya wilaya kuthibitisha kwamba bado wako hai, na foleni yake ilikuwa ya kutwa nzima. Alimkabidhi Dobi ufunguo wa akiba.

"Saa sita uwape chakula, ubadilishe maranda. Na kesho hata dirisha usiguse."

"Sawa."

Maneno ya paka na sumu yalimkumbusha Afande kituko cha kazini. Alikipenda kituko hicho, alikuwa amekisimulia kwenye harusi mbili. Akasogeza kiti.

"Ngoja nikuvunje mbavu. Kule gerezani kulikuwa na mfungwa mmoja, mambo yake kimya kimya tu, alikuwa anamlisha paka nyuma ya jiko. Anamwachia makombo ya uji wake. Paka si akazaa! Vitoto vinne, ndani ya debe la kuni. Mimi naviona zikiwa zimebaki siku mbili mkuu aje kutukagua. Nikamwita. Nikamwambia, 'Wewe ndiye uliyewalisha, wewe ndiye utakayewaondoa.' Nikampa gunia, nikamwonyesha pipa la maji."

Dobi alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Na mama yao?" aliuliza.

"Gunia hilohilo. Sasa sikia kituko chenyewe. Amemaliza, mikono inachuruzika maji mpaka viwikoni, akaja mbele yangu kama mtoto wa shule. Unajua aliniuliza nini?" Afande alikuwa ameshaanza kucheka, mabega yanatikisika. "Akaniuliza, 'Afande, pipa nilijaze tena?'"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akapiga meza. "Tulimwita Pipa, mwenzangu! Mpaka anamaliza kifungo, jina lake Pipa. Hata wafungwa wenzake. Pipa njoo, Pipa kachote."

Dobi naye alicheka. Kicheko kifupi. Akanywa chai yake mpaka mwisho, akaosha kikombe, akakifunika, akaenda chumba cha nyuma kumuaga paka wake. Afande alimsindikiza hadi mlangoni, na alipokuwa akifunga komeo alifikiri kwamba ni siku nyingi hajacheka na mtu namna ile.

Alhamisi alirudi saa kumi, goti limevimba, cheti cha kuwa hai kimekunjwa ndani ya pochi. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Si kuegeshwa, wazi kabisa, umezuiwa na jiwe usijifunge.

Alipita sebuleni mbio kadiri goti lilivyomruhusu. Mlango wa chumba cha nyuma nao ulikuwa wazi, umewekewa kiti. Dirisha lilikuwa limefunguliwa, wavu umekatwa kwa mkasi kwenye pande tatu na kuning'inia kwa nje. Sahani za chakula zilikuwa safi, hazijatiwa kitu. Hawakulishwa. Walitolewa na njaa.

Dobi alikuwa amekaa uani, kwenye ndoo iliyopinduliwa, kapu lake miguuni. Ndani ya kapu alilala yule wa kijivu, ameshiba, macho yamefumba nusu.

"Wako wapi?" aliuliza Afande.

"Wangu huyu hapa. Wako sijui."

"Nani kafungua? Wezi? Wamekuumiza?"

"Nimefungua mimi. Saa mbili asubuhi. Wengine walitoka upesi. Yule mzee asiye na mkia alikataa. Alikaa kizingitini kanitazama. Nilimbeba, nikamweka nje, nikasimama mlangoni asirudi."

Afande alirudi nyuma hatua moja. Alishika fremu ya mlango. Dobi aliongea taratibu, bila kupaza sauti, kama mtu anayemsomea mteja nguo alizoleta.

"Nilipokuja na mvua ile, ulipofungua tu nilikujua. Nilitaka kugeuka. Lakini paka wangu alikuwa anahitaji, na kila mtu alisema hakuna mwingine anayejua. Nikasema moyoni, acha nikae. Akinikumbuka, hata siku moja, hata akisema 'kama nimekuona mahali', namsamehe, basi. Wiki sita nimekaa mbele yako, Afande. Umeniita mwanangu. Umenimiminia chai. Na jana ukanisimulia mimi mwenyewe, tena ukanichekea usoni."

"Pipa," alisema Afande. Lilimtoka tu.

"Ndiyo. Miaka miwili, kwa mashuka ya hoteli niliyosingiziwa. Namba yangu ilikuwa mia mbili na saba, lakini hiyo najua huikumbuki."

"Mkaguzi alikuwa anakuja. Ilikuwa amri."

"Ya nani?"

Ilikuwa yake mwenyewe. Hakuna mkubwa aliyemwagiza gunia. Angeweza kuwatupa paka nje ya uzio na mambo yakaisha.

"Unajua niliuliza vile kwa nini?" Dobi alisema, akiinuka na kapu lake. "Nililijaza pipa lile kila siku. Nilijua maji yale ndiyo ya uji wa asubuhi, na wenzangu watayanywa. Hicho ndicho kilichokuchekesha miaka yote."

Akaondoka kwa njia ya kando ya karakana. Hakukimbia.

Afande alichukua gunia la maranda, akalimwaga, akaenda kutafuta. Hakuwa na kitu kingine cha kubebea. Ndugu wawili wa manjano aliwakuta pamoja kwenye mtaro wa nyuma ya soko, miguu imenyooka kama ya meza, povu limekauka midomoni. Mweusi alikuwa hatua chache kutoka nyumba ya mjane, alikuwa anarudi kwao. Watu sokoni walimwona yule mama wa mwendo wa gwaride akitambaa kwa magoti chini ya meza za samaki, anaita "pspsps", wakagongana viwiko wakacheka.

Mzee asiye na mkia Afande alimkuta akiwa hai, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa amejikokota hadi ukuta wa karakana, anatetemeka, shingo imepinda. Afande alimwinua, akamtia mafuta ya kula mdomoni, akamtia maziwa, akampakata kwenye kizingiti cha nyumba. Paka hakulia. Alimtazama hadi mwisho, akichelewa kufumba macho, na Afande naye alifumba na kufumbua polepole kama alivyowafundisha watu, mpaka alipobaki anafanya hivyo peke yake.

Mweupe wa mwalimu alipatikana kesho yake juu ya rundo la mbao, mzima, hakugusa nyama kwa sababu ya woga wake.

Mjane alifungua gunia, akachungulia, akalifunga. "Nilikupa anayeamka nami asubuhi," alisema, "umeniletea huu mfuko." Akatema mate kando ya mguu wa Afande. Fundi baiskeli, jitu la watu, alikaa chini kati ya matairi yake akalia kwa sauti kama aliyefiwa na mzazi, na wateja wakageuka kando. Mwalimu alipokea paka wake, akasema asante, na tangu siku hiyo akawa anavuka barabara anapomwona Afande anakuja.

Wote waliuliza nani alifungua mlango. Wote aliwaambia ni yeye, alisahau. Wala usidhani ni wema. Kumtaja Dobi kungemlazimu aeleze Dobi alikuwa na kisa gani naye, na kisa hicho, alipokiwaza sasa, hakikuwa na pahala pa kuchekea.

Binti alipopiga simu mwisho wa mwezi na kuuliza afya, Afande alianza kumwambia. Alifika kwenye pipa, akakwama.

"Unalia, mama?" binti aliuliza. "Mimi niko kazini. Nitapiga baadaye."

Hakupiga mpaka mwezi uliofuata.

Ilimchukua Afande miezi miwili kufika kibandani kwa Dobi. Aliyapanga maneno njia nzima. Ilikuwa mchana, kamba zimejaa mashuka, wanawake wawili wasaidizi wanakamua mablanketi, na mteja mmoja, kijakazi wa watu, anasubiri sare. Dobi alikuwa anapiga pasi. Dirishani, ndani, alionekana yule wa kijivu juu ya rafu, amenenepa.

"Nimekuja kuongea na wewe," alisema Afande.

Dobi hakuinua kichwa. "Kule kwenu mfungwa alikuwa anaongeaje na askari?"

Afande alielewa. Mfungwa aliongea akiwa amechutama, mikono magotini, macho chini, na hakuinuka mpaka aambiwe. Wasaidizi waliacha kukamua. Afande aliwatazama, akamtazama mteja, akamtazama Dobi. Halafu akashika nguzo ya kamba, akajishusha. Goti la kulia lilitoa mlio ambao kila mtu aliusikia.

Akayasema yote, macho chini. Kwamba amri ilikuwa yake. Kwamba hakuwa na sababu, ila aliweza kufanya hivyo, na siku ile kuweza kulimfurahisha. Kwamba anaomba radhi. Yalipokwisha akasubiri.

Dobi alimaliza kola ya shati, akahamia kwenye mikono, kisha kwenye vifungo. Alilitundika, akachukua suruali. Alipanga mikunjo, akanyunyiza maji, akapitisha pasi upande mmoja, akageuza. Jua lilisogea. Jasho lilimchuruzika Afande puani na hakulifuta, maana mikono inakaa magotini. Dobi alimfungia mteja nguo zake kwenye gazeti, akamkabidhi, akamwambia karibu tena. Kisha akaingia ndani, akasukuma mlango, na komeo likasikika.

Wasaidizi walirudi kwenye mablanketi yao, wakijifanya hamnazo. Ni yule kijakazi aliyekuwa anaondoka ndiye aliyeona kwamba kikongwe amejaribu kuinuka mara ya kwanza na ya pili na mguu hautaki. Aliweka furushi chini, akamshika kwapani.

"Pole, bibi. Umeanguka?"

"Hapana," alisema Afande, akitafuta pa kushika. "Nilikuwa naongea na mwenye kibanda."